Mtufaha wa Kanda ya Sita

Wasikilizaji wapendwa, kahawa yangu imepoa hapa mezani, na hasira yangu sitaificha. Tunamkumbuka Ragnhild Stenvall wa Norrheden, aliyezikwa Jumamosi. Alitaka mtufaha mmoja uani kwake. Mmoja tu. Hakuupata.

Norrheden ni kanda ya sita. Ragnhild aliijua ramani ya kanda za mimea kuliko sisi sote. Namba ikiwa kubwa, baridi ni kali. Ukinunua mche, soma kibandiko: unahimili mpaka kanda ya ngapi? Majirani walimwuliza, akawaelekeza, na leo matufaha yao yanaangukia barabarani.

Lakini kwake aliamua mumewe, Sixten. Huyu ni mzaliwa wa Skåne, kusini kabisa mwa nchi, kanda ya kwanza. Kila masika alileta mche kutoka shamba la babake. Majira ya baridi yakipita, theluji ikiyeyuka, mche umekuwa kuni.

"Baba, si usome kibandiko?" binti yao Solveig alimwambia.

"Miti ya kwetu haihitaji vibandiko. Mama yako ndiye asiye na mkono wa kupanda."

Maneno hayo aliyasema mbele ya wageni, Ragnhild akiwamiminia kahawa.

Mbona hakuupanda mwenyewe? Aliupanda, wasikilizaji. Mtufaha wa kanda ya sita, ukashika vizuri. Sixten akaung'oa, apate nafasi ya mche wa babake.

Basi kila vuli Ragnhild alioka keki kwa matufaha ya jirani yao, Elof. Solveig anakumbuka baba yake akijilamba vidole.

"Unaona? Ladha ya kwetu hii."

"Ni ya kwa Elof, Sixten. Mche nilimchagulia mimi."

"Basi Elof ana mkono."

Solveig, pole sana. Mzee Sixten, pole nawe, maana najua ulilia. Na ninyi mnaonisikiliza, jiulizeni ni nani nyumbani kwenu anayesema kweli kila mwaka, nanyi kila mwaka mnamcheka.

Jumamosi nilikuwa makaburini. Mzee alipanda waridi kaburini kwa mkewe, aliloliagiza kwao Skåne. Kibandiko kilikuwa bado kinaning'inia, nikakisoma. Mwisho kanda ya pili.

Mzee Sixten, waridi hilo likifa, safari hii utamlaumu nani?