Chakula cha Mama yake Zagabe

Kila asubuhi kwenye benchi la Maman Colette, mtaani Kadutu, watu hunywa kahawa na kumshuku kila aliye hai. Bilauri ziko nne, zinazunguka mkono kwa mkono. Zagabe, fundi mwashi, ana kikombe chake cha bati. Kinatundikwa kwenye msumari wake, tangu siku ile aliposema kwamba yeye ni Mutwa, mmoja wa Batwa wa msituni, ambao majirani hawashiriki nao chombo. Miaka sita anakishusha mwenyewe na kukirudisha mwenyewe. Leo alikuja na shida. Fabiola, binti anayefanya kazi katika shirika moja, anaandika kitabu cha mapishi ya Batwa, na anataka Jumamosi mama yake Zagabe ashuke kutoka Kabare, apike viazi vya pori na uyoga mbele ya watu. Mama amemwachia mwanawe aamue, na jibu linatakiwa leo. Zagabe hajawahi kuona jirani akila chungu cha kwao, na alimwogopea mama yake aibu ya chungu kurudi kimejaa.

— Kataa, alisema Aloys, anayeitwa Dokta kwa kuwa aliwahi kuuza aspirini. Mama yako iko na miaka ngapi?

— Makumi saba na mbili.

— Na ugonjwa ya sukari?

— Hapana.

— Basi! Banatafuta ile damu yake safi. Mapishi ni kisingizio tu.

— Damu ya nini? alidakia Stanislas, yaani Radio. Batatia ile viazi mu makopo, batauzisha Ulaya, kisha bataturudishia sisi kwa bei kali!

— Chakula yetu! Dokta akapiga paja. Ya bankambo, ya babu yetu ya zamani!

Yetu? Zagabe aliinua macho. Akamaliza kahawa, akakisuuza kikombe, akakirudisha msumarini.

Murhula, mlinzi wa maduka, wao humwita Jenerali. Alisubiri wote watulie.

— Munalala. Ile kiazi inaota wapi, fasi gani? Fasi kuko zahabu! Maman ataonyesha kwenye anachimbaka, kesho mashini iko mu pori. Ile haiko buku. Ni karte, ramani ya zahabu!

— Karte ya kutia chumvi, alisema Maman Colette.

Pikipiki ikasimama. Fabiola akashuka, akasalimia wote, akaomba kahawa. Bilauri zote zilikuwa mikononi mwa watu. Akanyoosha mkono, akashusha kile cha bati.

— Unitilie humu, maman.

Birika la Colette likabaki hewani.

— Ile ni ya Zagabe, Radio alisema chini chini.

— Tonton Zagabe, unaniazima?

— Kunywa, mwanangu.

Akanywa.

— Lakini juu ya sababu gani inakaaka peke yake pale?

Wajuzi wa damu, wa Ulaya na wa zahabu wakatazama chini. Zagabe aliona aibu, aibu ya miaka sita, kisha akagundua kwamba haikuwa yake.

— Mama yangu atapika, alimwambia Fabiola. Halafu akaligeukia benchi. Na nyinyi mukuye. Si mumesema ni chakula yetu? Sahani itakuwa moja.

Maman Colette alikipokea kikombe, akakiosha, akakifuta, akakifuta tena, kisha akabaki amekishika, hajui akiweke wapi.