Bwawa la Shimo la Tisa

Ndugu, jamaa na marafiki mliokuja kutushika mkono, familia imenituma mimi, mdogo wake, niwasomee maisha ya kaka yetu, mpima ardhi, na imenionya nisimpambe kupita kiasi, maana sifa alizipenda mno na alishazipata za kutosha akiwa hai.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1949, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa pili kati ya watano, akasoma shule ya jirani, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu upimaji mwaka 1971, akaajiriwa ofisi ya ramani, akakaa hapo mpaka alipopata kazi iliyomtoa, ya kuchora viwanja vya gofu.

Mwaka 1978 alifunga ndoa na muuguzi, ambaye leo ni mjane wake, wakajaliwa binti, mfamasia, na kijana, fundi wa lifti. Raha yao ilikuwa kucheza gofu wawili kila Jumapili, na wifi yangu, ambaye hakujaliwa mikono ya nguvu, aliupiga mpira ukatambaa chini kwa chini hadi kwenye grini, yaani zile nyasi fupi zenye kishimo na bendera, na mara nyingi akamshinda, naye kaka akanuna hadi Jumatatu.

Uwanja wake mkubwa ulifunguliwa Juni 1991, na kwenye shimo la tisa, yaani kipande cha tisa cha uwanja, aliweka bwawa mbele kabisa ya grini, ukingo hadi ukingo, akiamini kwamba shimo lisilo na kizuizi mbele halina heshima. Wifi alikuwa amemwambia, michoro ikiwa bado mezani, kwamba bwawa likikaa pembeni mchezaji ana hiari, mwenye ubavu apite karibu, asiye nao azunguke, lakini likikaa mbele wenye nguvu wanaruka bila hata kuliona, na wanyonge wamefungiwa mlango, na kaka akamjibu ashughulike na sindano zake. Siku ya ufunguzi mipira ya wifi ilizama mmoja baada ya mwingine, wageni wakacheka, na kaka, inasikitisha kusema, akacheka kuliko wote, akamwambia mbele za watu kwamba si kila shimo ni la kila mtu. Wifi hakushika fimbo tena, na kaka akacheza Jumapili zake na watu wengine.

Mwaka 2019 alipata kiharusi kilichomdhoofisha mkono wa kulia, na alipopata nafuu akaenda peke yake shimo la tisa, mpira ukazama, akarudia, ukazama, akarudi nyumbani, akakaa jikoni akalia, akamwambia mkewe kwamba ni kweli alimfungia mlango, na wifi akamjibu kuwa anajua, akammiminia chai. Akalichora upya shimo lile, bwawa likae ubavuni, mbele ipite njia ya nyasi, ili wacheze tena wawili, akaiomba klabu yenye uwanja mara kwa mara, lakini kamati ikamwambia kwa heshima zote kwamba bwawa hilo ndilo wageni wanalolifuata, na ndiyo kazi yake bora. Hilo lilimuuma kuliko ugonjwa. Alizidiwa tarehe 9 mwezi huu, akafariki hospitalini alfajiri ya Jumanne, mkewe akiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliotuletea viti na maji bila kuombwa, na wapima ardhi wenzake. Tunaishukuru pia kamati ya klabu, iliyotuarifu asubuhi hii kwamba bwawa la shimo la tisa litapewa jina la marehemu, na wifi yangu amenituma niseme kwamba ameupokea upendo wenu, na anawaomba sana msilipe bwawa lile jina lake.

Kaka yetu, pumzika sasa, kwa amani.