Machozi ya Elina

Tulikuwa nyuma ya Land Rover iliyotoka Bariadi kwenda Ngulyati. Mama mmoja alimgeukia mfanyabiashara aliyeketi juu ya gunia la mbegu za pamba.

"Baba, si wewe unayeonyesha video pale sokoni? Huyo mwigizaji Elina wa Ngulyati, aliyepewa tuzo Dar es Salaam, analia kweli au anapakwa kitu machoni?"

"Analia kweli, mayu," alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma. "Hata jukwaani analia vilevile, ndiyo maana wakamtuza."

"Hapo ndipo ninapoogopa. Anamzika mume, analia mpaka sisi tunalia. Picha ikiisha, mume yuko hai! Sasa mwanangu Januarius anataka kumwoa, na ng'ombe wa mahari wanatoka kesho. Siku akinililia mimi, nitajuaje?"

"Hiyo ni kazi, mayu. Mbona wacheza ngoma wenu mnawasifu?"

"Wale wana dawa ya kuvuta watu, na kila mtu anajua. Huyu dawa yake iko wapi?"

Mimi ndiyo kwanza nimemaliza chuo kikuu, na naamini sanaa husafisha moyo. Nilifungua mdomo niseme hivyo, nikapata vumbi tu.

Gari liliposimama Ngulyati, Elina mwenyewe alikuwa kando ya barabara. Alimpigia magoti yule mama, mkwe wake mtarajiwa, kama desturi ilivyo. Alipoinua uso, mashavu yalikuwa yamelowa.

Mama hakushuka. Aliinama, akamchungulia jicho moja, kisha la pili.