Fundi Aliyezipima Upya Lenzi Tatu

Wasikilizaji wapendwa, dakika hizi ni za fundi wa kamera aliyetutoka Jumanne, akiwa na miaka sabini na mmoja. Wateja walimwita Bi Pembe. Ukimpa picha ya harusi, bwana na bibi harusi walisubiri. Alitazama kwanza pembe nne za picha, kama ni kali au zimefifia, ndipo akakusalimu.

Binti yake anasema: "Picha za familia zilikuwa adhabu. Mimi na mjomba tuliwekwa pembeni kabisa, tusimame kama nguzo, mama aijaribu lenzi ya mteja. Aliyekaa katikati hakuwa na kazi."

Mwaka mmoja, chama cha wapiga picha kililinganisha lenzi tatu za pembe pana, zote za bei ya juu. Mbili zilikuwa mpya. Ya tatu ilikuwa ya zamani, na Bi Pembe alikuwa ametoka kuifungua, kuisafisha na kuifunga. Jarida la chama likaandika kwamba ya tatu ndiyo butu kuliko zote, picha zake si kali, na fundi ndiye aliyeiharibu. Narudia: fundi ndiye aliyeiharibu. Wiki hiyo wateja saba walikuja kuchukua kamera zao. Miaka thelathini ya jina zuri ilikuwa inamponyoka.

Mumewe alimwambia, "Mke wangu, achana nao. Wale wanajuana."

Akajibu, "Ngoja kwanza nijue walipimaje. Nikishajua, nitakasirika."

Akaenda ofisini kwa mwenyekiti wa chama, mwenye moja ya zile lenzi mpya.

"Mlitumia kamera ngapi?"

"Moja tu, Bi Pembe. Haki sawa kwa wote."

"Ya nani?"

"Yangu."

"Basi makosa ni ya kwako na ya kwangu, mwenyekiti. Mwaka jana nani aliirekebisha hiyo kamera iendane na lenzi yako?"

Mwenyekiti akakuna kidevu. "Wewe."

Wasikilizaji, kamera za aina hiyo hazikuonyeshi kile ambacho lenzi inakiona. Unachungulia kidirisha kidogo, unazungusha lenzi mpaka picha mbili ziwe moja. Kidirisha kikikosana na lenzi kidogo tu, jicho lako linaona sawa, lakini picha kwenye filamu inatoka na ukungu. Kamera ya mwenyekiti ilikuwa inapatana na lenzi moja tu: ya mwenyekiti.

Bi Pembe hakuomba waamini maneno yake. Aliomba kipimo kipya, mbele ya wanachama wote, saa nne asubuhi, kwenye ukuta wa matofali nyuma ya ofisi yao. Alibandika kioo ukutani na kuisogeza kamera mpaka lenzi ikajiona katikati ya kioo, ili isimame bila kuinama upande wowote. Kwa kila lenzi alipiga picha saba, akiizungusha kidogo kila mara, ili kidirisha kisiamue chochote. Filamu zikasafishwa, na kwa kila lenzi picha iliyotoka kali kuliko zote ndiyo iliyoshindanishwa. Negativu zikapewa namba, si majina, na orodha ya majina ikafungwa ndani ya bahasha. Waamuzi watatu wakakaa na kioo cha kukuzia, na mwenyekiti akiwa mmoja wao.

"Namba mbili," akasema wa kwanza. "Matofali ya pembeni nayahesabu."

"Namba mbili," akasema wa pili.

Mwenyekiti alitazama, akafuta miwani, akatazama tena. "Namba mbili. Haina mjadala."

Bahasha ikafunguliwa. Namba mbili ilikuwa lenzi ya zamani, iliyotoka mikononi mwa Bi Pembe. Ua mzima ulilipuka kwa vifijo. Mpiga picha mwenye lenzi hiyo alimnyanyua fundi juu juu.

"Niweke chini, sijamaliza!" akafoka. Akawaambia ukweli wote: katikati ya picha, lenzi zote tatu zilikuwa sawa. Tofauti ilikuwa pembeni, tundu la kupitisha mwanga kwenye lenzi likiwa wazi kabisa. Ukilibana tundu, hakuna atakayezitofautisha. "Msiende kutangaza zaidi ya hapo."

Jarida liliomba radhi ukurasa wa kwanza. Wateja saba walirudi, na mwenyekiti akawa wa nane, kamera mkononi. "Irekebishe upya, Bi Pembe," alisema. "Safari hii kwa lenzi zote."

Tunawapa pole mumewe, binti yake, na mdogo wake ambaye sasa anaendesha karakana. Nasi tuliobaki tujiulize: kazi ya nani tumeshaihukumu, na kipimo chetu hatujawahi kukikagua?