Kaburi la Josiah Pell na Uzio Wetu wa Muda

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Shemasi Mkuu Lionel Garside, sisi Marafiki wa Makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Aldhelm, Withcombe, tumefurahi kukuona kwa macho. Barua zako tulishazizoea.

KARIBU
Samahani kwa kukupitisha kwenye matope nyuma ya choo. Njia yenyewe imefungwa na uzio wa muda, ambao sasa umeota maua.

HISTORIA
Makaburi haya ya mawe, yenye umbo la sanduku, ni ya matajiri wa sufu. Josiah Pell alitaka lake liwe refu kuliko la shemejiye, akalipata. Lilipoanza kuinama, ofisi yako ilileta uzio na kuahidi kibali cha kulinyoosha "hivi karibuni". Tangu hapo tumebadilisha makasisi wawili.

MAFANIKIO
Tunalo moja. Mkaguzi wako alipotangaza kuja, tuliona aibu, tukalisugua kaburi kwa siki na brashi za mpini mrefu kutoka nje ya uzio, likang'aa kama sahani za Pasaka. Alipofika alishika kichwa: "Jamani, mmefanya nini? Ukoga ule ulioota juu ya jiwe ulikuwa adimu!" Ombi likaanza upya, lisubiri ukoga uote. Mvua yetu inajitahidi.

CHANGAMOTO
Bi Enid Tuckwell, huyu aliyeketi mbele yako na keki mapajani, mumewe Reg amezikwa ndani ya uzio. Nafasi yake mwenyewe iko kando ya Reg. Kila Jumapili humrushia maua, nayo huangukia kwa Josiah Pell, ambaye hakuwahi kupendwa hivyo akiwa hai.

Juzi alituuliza, "Wenzangu, nife sasa au nisubiri kibali?"

Clive, mwashi wetu, akamjibu, "Subiri, bibi, keki zako bado tunazitaka."

"Nyamaza wewe! Bakuli langu ulilobebea keki ya mwisho liko wapi?"

Tukacheka. Swali lake tunalileta kwako.

MAOMBI
Bango ulilokuja kuzindua, "Hatari, Usikaribie", ni zuri sana, na limesimama wima, tofauti na kaburi. Sisi tunaomba sahihi tu. Clive ana chokaa na jeki, na atafanya bure. Wengi wetu hapa ni akina mama: kitu kikiyumba tunakishika kwanza, maswali baadaye.

Kibali kiko mezani, kalamu iko kando ya kikombe chako. Bi Enid amesema hakati keki kabla hujatia sahihi.

Mungu akubariki, na ampe Bi Enid pumzi mpaka wino ukauke.

Ni sisi,
Marafiki wa Makaburi ya Mtakatifu Aldhelm, Withcombe.
Imesomwa na Hilary Prewett, Katibu.