Kimeu na Mfuniko wa Pampu

Marehemu Festus Kimeu Musili alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 Mumbuni, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Musili na mama Kalunde. Mama husema alikuwa mbishi tangu tumboni, na hapa hakuna atakayempinga.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1966, akasomea ufundi wa chuma Nairobi, na mwaka 1975 akafungua karakana mjini Machakos. Alikuwa fundi wa mashine ya kukereza chuma. Akiletewa kazi ngumu alisema, "Hata hii iko na shingo. Wacha nitafute mahali pa kushika."

Tarehe 12 Agosti 1978 alimwoa Ndinda kanisani, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza akiwa Mbithe.

Mwaka 2003 moyo wake ulianza kudhoofika. Daktari alimkataza kazi nzito, na Ndinda akaficha ufunguo wa karakana. Agosti mwaka huu, katikati ya kiangazi, pampu ya kisima chetu iliharibika. Mfuniko wake ulihitaji kukerezwa upya, lakini ulikuwa na umbo la kupinda ambalo meno ya mashine hayangeweza kulishika. Spea haikupatikana. Watu walianza kunywa maji ya madimbwi, watoto wakaharisha. Ndinda akautoa ufunguo huku analia.

Kimeu alitoboa bamba nene la chuma, akalifunga kwenye mashine, kisha akaukaza mfuniko juu yake kwa bolti. Upande mmoja ulilemea. Mashine ikizunguka kasi, mfuniko ungeweza kuchomoka na kumuua, na pampu tungeisahau. Akalizungusha bamba kwa mkono, akafunga kipande cha chuma upande mwepesi, akazungusha tena. Midomo yake ilikuwa imepauka.

"Baba Mbithe, kaa chini," Ndinda akamwambia. "Wengine wafanye."

"Wengine hawajui penye inalemea. Washa."

Ndinda ndiye aliyewasha. Bamba lilitetemeka, kisha likatulia. Alikereza mpaka jioni, sisi tukiwa mlangoni tumeshika roho mkononi.

Kesho yake maji yalitoka, na siku hiyo hiyo Kimeu akaanguka. Alifariki hospitalini tarehe 29 Agosti 2004. Tulikasirika sana, na wengine wetu bado. Ndinda ameniomba niseme kwamba ufunguo angeutoa tena, na tena asingejisamehe.

Ameacha mjane, Ndinda, watoto Mbithe, Musembi na Mukai, wajukuu wawili, mama Kalunde, nami dadake, Ndanu.

Mungu akupokee, Kimeu. Lala sasa, mashine tumezima.