Safu ya Mwisho ya Sketi ya Bibi

Baba Paroko, wazee wetu shikamooni, majirani wa hapa Endagikot na wageni mliosafiri kutoka Basotu na Balangdalalu, mimi ni Sebastiani Hhando, kaka mkubwa wa marehemu na katekista wa kigango hiki, na ukoo umenipa kazi ya kusoma maisha ya mdogo wangu, kazi ambayo nilimwomba binamu yetu Maximilian anipokee, naye akakataa. Karatasi hii ni ya pili. Ya kwanza niliichana jana, kwa sababu kwenye sehemu ya kazi niliandika kwamba marehemu alikuwa mjasiriamali, neno tunalolitumia tukiona aibu kutaja kazi ya mtu. Natalia alikuwa mchora tatuu.

Natalia Hhando Bura alizaliwa tarehe 9 Juni 1985 hapa Endagikot, mtoto wa nne wa Mzee Hhando Bura na Mama Efrazia, wote marehemu, akabatizwa Desemba mwaka huo huo, na tangu alipoachishwa ziwa alilala kwa bibi yetu Agatha, aliyekuwa na sketi ya ngozi ya harusi yake, aliyoishona kwa shanga kwa mkono wake mwenyewe, safu juu ya safu. Kila mwaka mvua zikiisha, bibi aliipaka samli na kuianika uani, mimi nikakaa na fimbo kuilinda mbuzi wasiitafune, na Natalia akakaa chini akifuatisha michoro yake kwa kijiti kwenye vumbi. Bibi alipofariki mwaka 1998, aliacha neno kwamba sketi ni ya Natalia.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia mwaka 1993 hadi 1999, kisha sekondari mjini Mbulu, akamaliza kidato cha nne mwaka 2003, na madaftari yake ya baiolojia yalijaa michoro kuliko maelezo, hata mwalimu akaniita shuleni, nami nikamchapa mbele ya wenzake.

Kazi yake hakufundishwa na mtu. Alianza kwa kuchora maboga ya mama, akahamia kwenye ngozi ya nguruwe aliyoiomba buchani, akatengeneza mashine kwa mota ya redio ya kaseti na ganda la kalamu, na alipoona mkono umetulia, akajichora mwenyewe juu ya goti. Mwezi Agosti 2006 niliuona mchoro huo, nikamsomea Mambo ya Walawi sura ya kumi na tisa, panapokatazwa kuchora alama mwilini, mbele ya familia nzima, na kwa kuwa alijibu kwamba mchoro ameutoa kwenye sketi ya bibi, nikaichukua ile sketi nikaichoma moto nyuma ya zizi, nikiamini nasafisha nyumba. Hakulia. Alichukua begi lake, akaenda Basotu.

Huko alipata kona kwenye saluni ya Mama Justina, ambaye yupo hapa, na siku za mnada alikaa na akina mama wa Kibarbaig wenye michoro ya duara kuzunguka macho, akiwauliza ilivyofanywa, nao wakamcheka kwanza, halafu wakamweleza. Madereva wa kombaini kwenye mashamba ya ngano walimletea majina ya wapenzi wao, na msimu uliofuata wengine walirudi wakiomba jina ligeuzwe samaki, naye aligeuza bila kuuliza maswali. Sindano moja hakuitumia kwa watu wawili. Dada Leticia, aliyeungua uji wa moto akiwa mtoto, ameniruhusu niseme kwamba kwa miaka ishirini hakuvaa nguo ya mikono mifupi, mpaka Natalia alipomchorea matawi ya mgunga juu ya kovu.

Tarehe 20 Novemba 2010 alifunga ndoa na Mwalimu Philemon, aliyekuja kufundisha Basotu akitokea Kigoma, na Mungu akawajalia watoto wawili, Eva mwaka 2012 na Yona mwaka 2016. Kwenye harusi hiyo sikwenda. Nilisema gari limeharibika, na gari halikuharibika.

Mwaka 2021 alianza kuumwa figo, na hapa naomba nisahihishe maneno ambayo mimi mwenyewe niliyapeleka jumuiya kwa jumuiya, kwamba wino ndio uliotia sumu damu yake: madaktari walisema ni shinikizo la damu, lile lile lililomchukua baba yetu, na nililijua hilo nikiwa bado nayasema yale maneno.

Mwezi Januari 2024 alikuja nyumbani, akatoa mkono wa kushoto kwenye koti lake, na nikaona sketi ya bibi yote, kutoka begani kushuka chini, safu kwa safu, ameichora kwa kumbukumbu, na karibu na kiganja pamebaki patupu. Aliniambia kwamba safu ya mwisho, ile ya pindo, haimjii, na kwamba mimi niliyeilinda na mbuzi lazima naikumbuka. Nikamjibu kwamba nimesahau. Nilikuwa naikumbuka kama ninavyoikumbuka sala ya Baba Yetu, lakini niliona nikiisema nitakuwa nimekubali kwamba nilichochoma hakikuwa uchafu. Akavaa koti lake, tukanywa chai.

Alifariki tarehe 17 Mei 2025, saa nne asubuhi, zikiwa zimebaki siku ishirini na tatu atimize miaka arobaini, na aliomba azikwe hapa, ilipokuwa nyumba ya bibi, nasi tunamshukuru Mwalimu Philemon na ukoo wake kwa kukubali.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomsafisha damu kwa miaka mitatu, Mama Justina na wenzake wa saluni, majirani waliopika na kuchimba kaburi, na madereva waliokuja na michoro yao. Gauni la mikono mirefu nililolinunua nimelirudisha, hivyo mtakapopita kuaga, mkono wake wa kushoto hautafunikwa, na ninaomba muutazame.

Natalia, uliniuliza nami nakujibu, Eva wako yupo hapa na daftari lako anaandika. Safu ya mwisho ni shanga nyeupe tatu, nyekundu moja, nyeupe tatu, halafu nafasi tupu ya upana wa kidole, ambayo bibi aliiacha kwa ajili ya mtoto wake wa kwanza aliyemzika, halafu inaanza tena, nyeupe tatu, nyekundu moja, mpaka inazunguka. Ndiyo hiyo. Sikuwa nimesahau.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu, na ukimkuta bibi, mwambie ni mimi niliyeichoma.